Taa ya Breki Ikiwaka, Tusimame

Hapa Mukuru kwa Njenga tunajua pikapu kuukuu hulisha nyumba nyingi. Taa nyekundu ya breki ikiwaka kwenye dashibodi, tusiseme "tutafika tu."

1. Simamisha gari. Je, handibreki imeshuka kabisa?

2. Fungua boneti, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Yakipungua, pedi zimelika au kuna mahali panavuja. Chungulia kwenye magurudumu.

3. Ongeza mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko, k.m. DOT 3. Usitie oili ya injini: hufurisha raba, breki zikakataa. Na kuongeza si kutibu.

4. Pedali ikizama, gari lisiondoke. Iteni fundi.

Tujadiliane: Katika kikundi chetu, nani anaweza kusema "leo gari haliendi," na asikizwe?