Usimwambie mnaenda kuiona bahari

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Isevya, Tabora. Binti yangu wa pili ana miaka mitano. Tangu aanze kutembea, akikimbia kidogo tu anachuchumaa, anahema, midomo na kucha vinakuwa vya bluu. Bibi yake alikuwa akisema ni mtoto mvivu, na mimi siku moja nilimchapa kwa kukataa kwenda dukani. Hospitali ya Kitete walimsikiliza moyo wakatupa rufaa ya Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Huko wakasema ana tundu, na njia ya damu ya kwenda kwenye mapafu ni nyembamba, lazima apasuliwe. Tarehe tumepewa, zimebaki wiki tatu.

Mtoto nimemwambia tunaenda kwa mama yake mdogo, tukaione bahari. Amefurahi, anawatangazia wenzake. Mume wangu tangu siku ile haongei. Anatoka na bodaboda alfajiri, anarudi nimeshalala. Mama mkwe anataka kwanza tumpeleke kwa mzee mmoja kijijini, anasema moyo wa mtoto umechezewa. Mimi nikiswali nalia tu. Hata kusema "Mungu akipenda" naogopa, maana akipenda lingine je? Naona sina imani. Nifanyeje moyo wangu utulie, na mtoto nimwambie nini?

Mama wa Isevya

Pole, mwanangu.

Nianze na kile kipigo ulichokitaja kwa maneno machache ukakipita haraka, maana nadhani kinakukosesha usingizi kuliko tarehe yenyewe. Dalili unazozieleza ni za ugonjwa ambao madaktari huuita Tetralojia ya Fallot. Wao ndio watakaokuthibitishia. Mtoto wa namna hiyo akikimbia, sehemu ya damu yake inarudi mwilini bila kupita kwenye mapafu kuchukua oksijeni, ndiyo maana midomo inabadilika rangi. Akichuchumaa, mishipa ya miguu inabanwa, shinikizo la damu mwilini linapanda, na damu nyingi zaidi inasukumwa kwenda kwenye mapafu. Hakuna aliyemfundisha. Mwili wake uligundua wenyewe namna ya kujipatia nafuu, pale pale uwanjani, wenzake wakimpita mbio. Haukuwa uvivu, nawe hukuwa na namna ya kujua. Mwombe radhi kwa sauti ya kawaida: "Siku ile nilikuchapa, kumbe ulikuwa unaumwa. Nisamehe." Watoto wa umri huo husamehe upesi kuliko sisi tunavyojisamehe.

Kujitafutia makosa kuishie hapo. Moyo wa mtoto hujengeka ndani ya wiki nane za mwanzo za mimba, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajijua kuwa ni wajawazito. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, wapatao 8 huwa na hitilafu ya moyo, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Hakuna aliyeuchezea.

Sasa tuje kwenye hiyo bahari.

Mtoto anayejua kuchuchumaa anajua tayari kwamba kifuani mwake kuna jambo. Amekuona ukilia kwenye mswala, amemsikia bibi yake, ameona baba yake amenyamaza. Anachokosa ni maelezo, na mtoto akikosa maelezo huyatunga mwenyewe. Kwa umri wake, la kwanza kumjia ni kwamba anaadhibiwa. Ukimpeleka kwa ahadi ya bahari akajikuta amevuliwa nguo, amechomwa sindano ya dripu na watu asiowajua, atajifunza kuwa maneno ya mama yana mtego. Na siku atakayozinduka kifua kikimuuma, sauti atakayoitafuta ni yako. Usiipotezee thamani yake sasa. Uongo ule ulikukinga wewe usiuone uso wake ukibadilika. Akina mama wengi hufanya hivyo, lakini urekebishe kabla hamjatoka Isevya.

Usimwambie leo. Wiki tatu ni ndefu kwa mtoto wa miaka mitano. Siku nne tano kabla ya safari zinatosha. Mwambie nyumbani, mchana, akiwa ameshiba, si ndani ya basi au treni ambako watu wanasikiliza na hana pa kukimbilia. Maneno yawe machache, na yote yawe ya kweli. Kwa mfano:

"Unajua ukikimbia unachoka? Ni kwa sababu moyo wako una tundu. Umezaliwa nalo, hukukosea kitu. Dar wapo madaktari wa kuliziba. Watakupa dawa ya usingizi, si kama usingizi wa usiku, huu ni wa dawa, hutasikia chochote. Wakimaliza utaamka. Kifua kitauma, na watakupa dawa ya maumivu. Mimi nitakuwa nje nakusubiri. Bahari tutaiona daktari akituruhusu."

Kisha nyamaza, aulize yeye. Anaweza kuuliza kama damu itatoka, au kama atavaa gauni lake. Anaweza pia kuuliza kama atakufa. Hapo usimkemee kwamba anajitabiria mabaya, maana atajua kuna swali lisiloulizika na atabaki nalo peke yake. Mjibu: "Madaktari wanafanya hivi ili upone ukue." Ni kweli, wala hujamwapia lisilo mikononi mwako. Habari za hatari ziulize wewe kwa daktari bingwa, waziwazi, mumeo akiwepo, mtoto akiwa nje.

Kama ana mwanasesere, hata wa bunzi la mahindi, mfungieni kitambaa katikati ya kifua, pale itakapokuwa alama yake. Mwache amchome sindano kwa kijiti. Akicheza hivyo anakuuliza maswali. Akimtupa kando, basi kwa siku hiyo inatosha.

Na wewe mwenyewe uandaliwe. Mwombe muuguzi akueleze mapema utakachokikuta chumba cha wagonjwa mahututi (ICU): bomba la kupumulia mdomoni, mirija ikitoka kifuani, nyaya, mashine zinazolia kila mara, uso uliovimba kidogo. Bomba likiwepo hataweza kukujibu, lakini anaweza kukusikia. Mama asiyejua hayo huanguka mlangoni, au hupiga yowe. Ukiyajua, utaingia, utamshika mkono, utamwita jina.

Kuhusu sala. Umesema unaogopa kutamka "Mungu akipenda". Hayo si maneno ya mtu asiye na imani. Asiyeamini hana sababu ya kuhofia Mungu atapenda nini. Mkumbuke mama wa Musa, ambaye Kitabu chako kinamtaja na cha majirani zako Wakristo vilevile. Alimtia mtoto wake mtoni, na Kurani inaeleza kwamba moyo wake ulibaki mtupu, akawa karibu kuifichua siri. Hakulaumiwa kwa hilo. Tena hakukaa akangoja tu: alimtuma dada wa mtoto afuate kando ya maji aangalie. Kumkabidhi mwanao na kuendelea kumfuatilia kwa macho vinakaa katika moyo mmoja. Yeye alikuwa ameahidiwa kuwa mtoto atarudishwa. Wewe hukuahidiwa, nami sikuahidi, ndiyo maana hofu yako ni halali. Na machozi yasikutie aibu. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu, aliyefariki akiwa bado mdogo, na swahaba mmoja alipostaajabu alimweleza kuwa machozi hayo ni rehema.

Ukishindwa kuomba kwa ujumla, omba kwa vitu vidogo vyenye majina. Iombee mikono ya wapasuaji, na ya mtaalamu wa dawa ya usingizi. Mwombee muuguzi wa zamu ya usiku asichoke. Iombee mashine itakayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wanashona. Kazi hii haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Mwaka 1944, huko Baltimore, Marekani, daktari Alfred Blalock alipompasua kwa mara ya kwanza mtoto mwenye ugonjwa wa aina hii, wazo lilikuwa la daktari wa watoto, Helen Taussig, na nyuma ya Blalock, juu ya kigoda, alisimama Vivien Thomas akimwelekeza. Huyu alikuwa fundi wa maabara, Mmarekani Mweusi ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, lakini ndiye aliyekuwa ameufanyia mazoezi upasuaji huo. Kwetu, upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi mnayokwenda ikaanza 2015. Kabla ya hapo watoto wengi kama wako walingoja nafasi ya kupelekwa India, na si wote waliofika.

Tabora ulikuwa mji wa wapagazi wa misafara. Waliotoka hapo kwenda Bagamoyo kwa miguu walibeba kila mmoja frasila mbili hivi, kama kilo 30, na hakuna aliyebeba msafara mzima. Wewe unataka kuubeba wote. Gawa.

Mama mkwe usimgombeze. Naye anaogopa, na anataka awe na la kufanya. Mpe: abaki na mtoto mkubwa, aandae dua nyumbani siku ya upasuaji, ndugu na majirani waje. Lakini mwambie mambo mawili bila kuzunguka. Mtoto asinyweshwe dawa yoyote ya miti shamba wala kuchanjwa chale, maana baadhi ya dawa hizo huweza kuvuruga kuganda kwa damu na kugongana na dawa ya usingizi. Kama ameshapewa, daktari aambiwe aina yake hata kama mnaona haya. La pili, hirizi, shanga na hereni vyote huvuliwa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Kama iko hirizi, bibi aitunze mwenyewe nyumbani, pasizuke ugomvi mlangoni.

Mumeo usimwite kikao. Mwambie awapakie wewe na mtoto awapeleke kwa daktari wa meno. Jino bovu hupitisha vijidudu kwenye damu vikaenda kushambulia moyo, kwa hiyo ni vema litibiwe kabla ya upasuaji. Mkiwa njiani, wewe nyuma yake na hamtazamani, mwambie na wewe unaogopa. Wanaume wengi huongea wakiwa na usukani mkononi. Kisha mpe kazi ya damu: kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kiko hapo hapo Tabora. Waulizeni Dar utaratibu wa damu ya mtoto, halafu yeye na vijana wa kijiweni kwake wajipange. Mambo ya bima na gharama ayafuatilie yeye kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, na mapema.

Umeuliza moyo wako utatuliaje. Huenda usitulie hadi mtoto atoke, na si lazima utulie ndipo uwe mama mzuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo fuata saa za kufunga kula na kunywa kama mtakavyoelekezwa, hata akilia kwa njaa, maana chakula tumboni ni hatari wakati wa dawa ya usingizi. Asubuhi, mlangoni, usimuage. Mwambie utakapokuwa: "Nakaa pale kwenye benchi. Ukiamka nitaitwa." Halafu wewe ule, kwa sababu saa zitakuwa nyingi na usiku wake utakuhitaji.

Mkirudi Isevya, usishangae akikojoa kitandani kwa siku kadhaa, au akikung'ang'ania kila ukisimama. Huwa yanapita. Mfupa wa kifua huchukua wiki sita hadi nane kuunga, kwa hiyo asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapani. Mkono mmoja uwe mgongoni, wa pili chini ya makalio. Mfundishe bibi yake hilo kabla hamjaondoka, maana najua yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kumnyanyua.

Shangazi