Simu ya Zamani Katika Njia ya Intaneti: Kufunga Adapta na Kuipa Maagizo

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hufanya kazi katika ofisi za vyama vya ushirika, na katika ofisi hizo, juu ya meza au ukutani, bado iko simu ya zamani ya waya. Simu yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni njia ya nje. Mahali pengine waya wa shaba umeibwa, mahali pengine nguzo zilianguka wala hazikusimamishwa tena. Basi watu huuliza, je, simu hii itupwe? Si lazima. Kuna kisanduku kidogo, chaenea katika kiganja cha mkono, kiitwacho adapta ya simu. Kazi yake ni kuipokea sauti ya simu ya waya na kuipeleka kwa njia ya intaneti, na kuirudisha sauti ya yule wa upande wa pili.

Kisanduku hiki si ghali sana na si kigumu kufunga, na hapo ndipo watu hukosea. Nilikuwa nimekaa katika ofisi ya chama kimoja cha maziwa, siku chache baada ya wao kufunga adapta yao. Mama mmoja akaja dirishani na debe lake. Akamwambia karani, "Bwana karani, jana nimepiga simu hapa mara tatu. Mara ya kwanza aliitika mtu. Mimi namsikia, yeye hanisikii, anasema tu haloo, haloo. Mara ya pili na ya tatu haikulia kabisa."

Ng'ombe wa mama huyu alikuwa ameingia joto jana asubuhi. Kila mfugaji ajua kanuni: ng'ombe aliyeonekana katika joto asubuhi hupandishwa alasiri ya siku ile ile, na aliyeonekana jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Bwana wa mbegu hakupata habari, na wakati umepita. Sasa hana budi kungoja siku 21 hivi joto lirudi tena, na siku zote hizo ng'ombe anakula bila mimba. Na kule ofisini kisanduku kilikuwa kipya, taa zake zote zawaka vizuri.

Kazi iliyokuwa ya kituo cha simu

Ili kuelewa kosa lilikuwa wapi, yafaa kwanza kujua simu ya zamani ilipata nini kutoka kituo cha simu cha mjini. Ilipata mambo matatu. Kwanza, nguvu. Kituo kilipeleka volti 48 hivi katika waya ule mwembamba, na kengele ilipotakiwa kulia kilipeleka volti 90 hivi za mkondo wa kubadilika. Ndiyo maana simu ya zamani iliweza kulia hata stima ilipokatika kijiji kizima. Pili, kituo kilijua mahali ulipo, maana waya wako uliishia kwako tu. Tatu, kituo kilisikiliza namba ulizobonyeza kikajua wataka kuongea na nani.

Unapofunga adapta, kazi hizo tatu hazikai tena mjini. Zinakuja mezani kwako. Adapta ndiyo inayotoa volti za simu na kupiga kengele, ndiyo inayopaswa kuijulisha kampuni ya simu mahali ilipo, na ndiyo inayosikiliza namba. Ukilijua hilo, kila hatua itakayofuata utaona sababu yake.

Kufunga nyaya

Geuza kisanduku utazame nyuma. Utaona tundu dogo lililoandikwa PHONE. Hapo huingia waya wa simu. Utaona tundu pana zaidi la waya wa mtandao, mara nyingi limeandikwa LAN au INTERNET. Waya wake huenda kwenye ruta. La tatu ni la stima. Funga simu kwanza, kisha waya wa ruta, na stima iwe ya mwisho. Adapta nyingine zina tundu jingine lililoandikwa LINE. Hilo ni la njia ya zamani ya nje, kwa ofisi ambazo njia hiyo bado ingali hai. Kama huna, liache wazi.

Hapa pana hatari moja ambayo ni lazima niiseme kwa mkazo. Watu wengine hutaka simu zote za nyumba zilie, basi huchukua waya wa tundu la PHONE na kuuchomeka katika soketi ya simu ukutani. Jambo hili laweza kufanyika, lakini kabla ya kulifanya njia ya nje sharti ikatwe kabisa pale inapoingia nyumbani. Ikiwa njia ya nje bado imeungwa, volti za kituo zitakutana na volti za adapta, na adapta itaungua. Na hata kama kituo kimekufa, waya mrefu ulioachwa nguzoni huleta radi ndani ya nyumba. Walio upande wa Kisii na Kakamega hawahitaji kufundishwa radi ni nini.

Simu za kuzungusha kidole zina shida yake. Hizo hazitoi mlio kwa kila namba, bali hukatakata mkondo. Adapta nyingine hulielewa jambo hilo, nyingi hazilielewi. Ikiwa simu yako ni ya kuzungusha, uliza kabla ya kununua. La sivyo itakuwa ya kupokea tu.

Kuipa adapta maagizo

Adapta bila maagizo ni kama karani mpya asiyejua jina la chama chake. Maagizo hayo hutoka kwa kampuni inayouza huduma ya simu za intaneti. Chagua iliyo na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Itakupa jina la seva yake, jina lako la mtumiaji, neno la siri, na namba yako ya simu. Yaandike kwa uangalifu, herufi kubwa kubwa na ndogo ndogo, maana herufi moja ikikosewa mlango haufunguki.

Nitachukua mfano wa adapta moja ipatikanayo sana, Grandstream HT801, yenye tundu moja la simu. Nyingine hutofautiana kidogo, lakini njia ni ile ile. Inua mkono wa simu iliyofungwa kwenye adapta. Bonyeza nyota mara tatu. Utasikia sauti ya Kiingereza. Bonyeza 02, nayo itakusomea anwani ya adapta, kwa mfano 192.168.1.20. Sasa chukua kompyuta, au simu ya mkononi iliyounganishwa na ruta ile ile, uandike anwani hiyo mahali pa kuandikia anwani za intaneti. Ukurasa utafunguka na kuuliza neno la siri la adapta. Kwa zile mpya limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kisanduku.

Ingia katika ukurasa wa FXS Port. Palipoandikwa Primary SIP Server andika jina la seva. Palipoandikwa SIP User ID na Authenticate ID andika jina la mtumiaji, na chini yake neno la siri la kampuni. Bonyeza Apply, kisha Reboot, ungoje adapta izime na kuwaka tena. Fungua ukurasa wa Status. Ukiona neno Registered, adapta imekwisha kujiandikisha kwa kampuni. Ukiona Not Registered, usiguse mambo mengine yote. Rudi usome tena yale maneno uliyoyaandika. Mara nyingi kosa limo humo.

Juu ya kupiga namba: adapta haijui umemaliza kubonyeza lini, hivyo hungoja sekunde 4 hivi baada ya tarakimu ya mwisho. Ukitaka isingoje, malizia kwa alama ya #. Tena, uliza kampuni kama yataka namba ianze na 0 au na 254.

Mkononi anayesema na masikioni asiyesikia

Sasa turudi kwa yule mama. Adapta ya chama kile ilikuwa imeandikwa Registered, na karani aliweza kupiga nje bila shida. Kwa nini basi hakumsikia mama?

Fikiri juu ya mtu akaaye katika nyumba kubwa yenye vyumba vingi. Anamwandikia rafiki yake barua, na mahali pa kurudishia majibu anaandika, "Chumba cha tatu." Hataji mji, hataji njia, hataji nyumba. Barua itafika, maana anwani ya rafiki ni kamili, lakini jibu halitafika kamwe. Ile anwani 192.168.1.20 ni "chumba cha tatu." Yajulikana ndani ya ruta yako tu. Adapta isipofundishwa, huiambia seva ya nje ipeleke sauti kwa anwani hiyo. Sauti ya karani ilitoka ikamfikia mama; ya mama ikapotea njiani.

Na ile mara ya pili na ya tatu, ambapo simu haikulia? Ruta ni kama mlinzi wa lango. Akimwona mtu wa nyumbani ametoka, huacha lango wazi kidogo ili apate kurudi. Muda ukipita bila mtu kutoka, hulifunga, na mgeni akija hodi yake haisikiki ndani. Kwa hiyo adapta yafaa kutoka langoni mara kwa mara, hata kama haina neno la kusema.

Katika HT801 tafuta mahali paitwapo NAT Traversal, uchague Keep-Alive, na muda wake uwe sekunde 20. Kama sauti bado ni ya upande mmoja, chagua STUN na uandike seva ya STUN utakayopewa na kampuni. Kisha ingia katika ruta yako utafute kazi iitwayo SIP ALG. Nia ya kazi hiyo ni kusahihisha anwani katika maneno ya simu, lakini katika ruta nyingi huharibu kuliko kusaidia. Izime. Katika ofisi ile ya maziwa, Keep-Alive haikuwashwa, na SIP ALG ilikuwa inafanya kazi. Kurekebisha yote mawili kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Gharama na wezi

Wale wanaonunua intaneti kwa kipimo huogopa kwamba simu itaimaliza. Tufanye hesabu. Kuna namna mbalimbali za kuifunga sauti, nazo huitwa kodeki. Ile ya G.711 hutoa sauti safi, na kwa dakika moja hutumia megabaiti 1.3 hivi, kwenda na kurudi pamoja. Dakika 10 ni megabaiti 13. Ile ya G.729 hutumia karibu theluthi ya hiyo, na sauti yake hupungua uzuri kidogo. Palipo na mtandao hafifu, G.729 ndiyo ifaayo, ikiwa kampuni yako yaikubali. Kwa G.711 iko mbili, PCMA na PCMU. Weka PCMA mbele.

Wezi wa simu za intaneti hawaji na koleo la kukatia waya. Hutafuta usiku adapta zilizoachwa na neno la siri la kiwandani, huchukua maagizo yake, wakapiga simu za nchi za mbali kwa hesabu yako. Basi badili neno la siri la adapta siku ile ile ya kuifunga, na usifungue ukurasa wake kwa watu wa nje ya ruta. Iombe kampuni ifunge simu za nchi za nje kama chama hakina mtu huko, na weka fedha kidogo kidogo katika hesabu, zinazotosha wiki moja au mbili.

Stima ikikatika

Hapa ndipo simu mpya inashindwa na ya zamani. Stima ikikatika, adapta hufa na ruta hufa. Nguvu sasa ni kazi yako. Chukua betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, kama zile za kengele za wezi. Zidisha, utapata wati-saa 84. Betri ya asidi haifai kumalizwa, tutumie nusu tu, yaani 42. Ruta ikila wati 10 na adapta wati 3, jumla ni 13, na 42 kugawa kwa 13 ni saa 3 na zaidi kidogo. Kwa kukatika kwa kawaida yatosha. Lakini soma karatasi ya adapta kwanza. HT801 hutumia volti 5, si 12. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri utakuwa umenunua kisanduku cha kuwekea misumari. Pitisha kwenye kifaa cha kupunguza volti.

Na hata baada ya hayo yote, simu moja ya mkononi ibaki ofisini kwa 999 na 112. Kampuni nyingine za intaneti hazifikishi namba hizo, na zinazofikisha huenda zisijue ofisi yako iko wapi.

Kabla ya kuwatangazia wanachama namba, ijaribuni hivi. Mtu mmoja akae ofisini, mwingine apige kwa simu ya mkononi akiwa nje kabisa. Kila mmoja ahesabu moja mpaka kumi, na mwenzake arudie anachosikia. Kisha iacheni simu saa nzima bila kuigusa, mpige tena. Mwisho zimeni stima kwenye swichi kuu, mpige mara ya tatu. Ikilia mara zote tatu na namba zikasikika pande zote mbili, ndipo iandikwe dirishani na katika kadi za maziwa.