Kompyuta Ipi Iliyo Bora?

Jioni moja baada ya chakula nilipita karibu na chumba cha kompyuta nikasikia kelele nyingi. Nilidhani wavulana wanabishana juu ya mpira, maana hapa Lubaga, ambako uwanja wa Wankulukuku hauko mbali, si ajabu kusikia mashabiki wa Express na wa Villa wakitoleana maneno. Kumbe sivyo. Mmoja alikuwa akisema kwamba Windows ndiyo mfalme wa kompyuta zote. Wa pili alimjibu kwamba Linux haina mfano duniani. Wa tatu, aliyeanza kujifunza Python wiki tatu tu zilizopita, aliwaambia wote wawili kwamba mtu asiyejua Python hajui kompyuta. Kila mmoja alikuwa na sauti kubwa, wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kutosha.

Mabishano hayo si mabaya, tena yamekuja wakati wake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa watu wote kama ilivyokuwa ikifanya tangu 2015. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, huzikataa mashine nyingi za zamani ingawa bado ni nzima. Kwa hiyo shule nyingi zina jambo la kuamua: kununua mashine mpya, au kukaa na zile zile bila ulinzi, au kubadili programu. Fedha zitakazotumika ni karo za wazazi wetu. Mtu akibisha ovyo katika jambo hili hapotezi maneno tu, bali hupoteza mali ya wengine. Basi na tujifunze kubisha kwa akili.

I. TUTENGE MAMBO MATATU

Kosa la kwanza la wale wavulana ni kwamba hawakuwa wakibishana juu ya kitu kimoja. Yafaa tutenge mambo matatu. La kwanza ni mashine yenyewe: sanduku, kioo, na ile prosesa ambayo ndiyo inayofanya hesabu. La pili ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha mashine na kuzitawala programu nyingine. Windows na Linux ziko hapa. La tatu ni lugha ambazo watu hutumia kutunga programu, kama Python, Java na C. Mtu anayelinganisha Windows na Python ni sawa na mtu anayeuliza kama basi ni bora kuliko dereva.

II. JUU YA MASHINE

Watu wengi huuliza kwanza, “Ina kasi gani?” Lakini katika nchi yetu liko swali jingine lisilopungua uzito: “Inakula umeme kiasi gani?” Na tufanye hesabu pamoja.

Tuchukulie kwamba chumba kina kompyuta 20 za mezani za namna ya zamani, na kila moja pamoja na kioo chake inakula wati 150. Zote pamoja ni wati 3,000. Zikiwashwa saa 5 kwa siku, zimekula uniti 15. Sasa tuchukulie chumba kingine chenye vibao vidogo vya namna ya Raspberry Pi, kompyuta iliyotoka Cambridge, Uingereza, mwaka 2012, ambayo ubao wake haupiti ukubwa wa kiganja. Tuseme kibao kimoja pamoja na kioo chembamba kinakula wati 25. Ishirini ni wati 500, na kwa saa 5 ni uniti 2 na nusu tu. Tofauti ni uniti 12 na nusu kila siku. Kwa siku 5 za juma ni uniti 62 na nusu. Na katika muhula wa majuma 12 ni uniti 750. Hizo ni fedha, tena umeme ukikatika, chumba cha pili chaweza kuendelea kwa betri na mionzi ya jua, na kile cha kwanza hakiwezi.

Je, tuseme basi kwamba kibao kidogo kimeshinda? Ngoja kwanza. Kibao hicho ni kizito katika kazi kubwa, kama kutengeneza picha za sinema. Zaidi ya hayo, kompyuta ya mezani ikiharibika, fundi wa Kampala huifungua, akatoa kipande kibovu na kutia kingine. Kibao kidogo kikifa, mara nyingi kimekufa chote. Laptopu nayo huvumilia umeme ukikatika, kwa kuwa ina betri yake, lakini ni rahisi kuibwa na ni ghali kutengenezwa.

Prosesa nazo zina ushindani wao. Zile za ukoo wa Intel zimetawala meza za ofisi tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981. Zile za namna ya ARM zilibuniwa na kampuni ya Acorn huko Cambridge, na ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985. Acorn ilikuwa ikitengeneza kompyuta za shule, na leo uzao wa prosesa yake umo katika simu karibu zote duniani, kwa sababu hula umeme kidogo. Aliyeonekana mdogo mezani amekuwa mkubwa mfukoni.

III. JUU YA PROGRAMU KUU

Sasa tuje kwa Windows na Linux. Linux ilianzishwa na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991. Ni programu huria, yaani maandishi yake ya ndani yako wazi: mtu yeyote aweza kuyasoma, kuyabadili na kumpa mwenzake bila kulipa leseni. Windows ni mali ya Microsoft, na maandishi yake ya ndani hayaonyeshwi kila mtu.

Anayeitetea Windows ana hoja nzuri. Ofisi nyingi za Kampala huitumia, mafundi wengi waijua, na mashine nyingi za kuchapia hukubaliana nayo bila taabu. Anayeitetea Linux naye ana zake. Haina gharama ya leseni, huenda vizuri hata katika mashine kuukuu, na virusi vingi vinavyosafiri kwa diski mweko kutoka kompyuta hadi kompyuta havikutengenezwa kwa ajili yake. Tena yule mvulana aliyeidharau Linux huitumia kila likizo bila kujua, kwa maana kiini cha simu za Android ni Linux.

Yupo mtu atakayesema, “Leseni ya nini? Nitanunua nakala mjini kwa shilingi chache.” Huo ni wizi, wala tusiupambe kwa jina jingine. Sheria ya Uganda ya haki za waandishi ya mwaka 2006 huzilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Shule inayowakataza wanafunzi kunakili mtihani haiwezi kufundishia kwa programu iliyonakiliwa kwa siri.

Mfano wa mabadiliko hauko mbali nasi. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, kilichofunguliwa Nkozi mwaka 1993 na chenye tawi hapa Lubaga, kiliamua katika miaka ya mwanzo ya 2000 kuhamia programu huria. Victor van Reijswoud na Emmanuel Mulo waliandika habari za kazi hiyo, zikachapishwa mwaka 2006. Mtu anayehama hivyo huokoa fedha za leseni, lakini hana budi kutoa fedha na subira kwa mafunzo. Mwalimu aliyezoea mahali pa kubofya hukasirika anapopakosa. Barua iliyoandikwa katika programu moja hufunguka imepindapinda katika nyingine. Programu yaweza kuwa bure, lakini kujifunza hakupatikani bure hata siku moja.

Faida nyingine ya programu huria ilionekana Dar es Salaam. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha huko, katika mradi wa Kilinux, waliichukua OpenOffice wakaifasiri kwa Kiswahili, na mwezi wa Desemba 2004 wakaitoa kwa jina la Jambo. Hawakuhitaji kungoja kampuni ya mbali iwahurumie. Wenzetu wa hapa Uganda nao walifasiri programu ya Mozilla ya kusomea mtandao kwa Luganda. Baadaye Microsoft nayo ilitoa Windows na Office zenye maneno ya Kiswahili. Mnaona? Washindani wawili wakishindana, lugha yetu ndiyo iliyopata faida.

IV. JUU YA LUGHA

Ugomvi wa lugha ni wa zamani kuliko baba zenu. Mwaka 1959 watu walianza kuiunda COBOL kwa kazi za biashara. Mwaka 1964 Kemeny na Kurtz wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walitoa BASIC ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, mtaalamu mkubwa wa Uholanzi, aliandika maneno makali sana dhidi ya lugha hizo mbili, akiona kwamba huharibu akili ya mwanafunzi. Lakini wengi walioanza kwa BASIC wakawa wataalamu hodari, na COBOL hata leo inafanya kazi katika mabenki makubwa ya dunia. C ilitoka mwaka 1972, Python mwaka 1991, Java mwaka 1995, na kila moja ilikuta watu wakisema kwamba zilizopo zatosha.

Tazameni kazi moja ikifanywa kwa lugha mbili: kujumlisha namba zote tangu 1 mpaka 100. Kwa BASIC ya zamani:

10 LET J = 0
20 FOR N = 1 TO 100
30 LET J = J + N
40 NEXT N
50 PRINT J

Na kwa Python:

j = 0
for n in range(1, 101):
    j = j + n
print(j)

Zote mbili zitajibu 5050. Mavazi ni mbalimbali, lakini mwili ni mmoja: kuna kikapu kitupu kinachoitwa J, kuna kurudia mara mia, na kila mara kuna kuongeza. Angalia pia kwamba katika Python tumeandika 101, kwa kuwa lugha hiyo huishia kabla ya namba ya mwisho. Anayeandika 100 atapata 4950, na mashine haitamwambia kwamba amekosea. Mwanafunzi aliyeelewa kurudia na kuongeza atahamia lugha nyingine kwa muda mfupi. Aliyekariri maneno tu atalia kila lugha mpya inapokuja.

Hata hivyo lugha hazilingani kwa kila kazi. Python ni nyepesi kwa kuanzia na kwa hesabu za takwimu. C hufaa pale ambapo mashine ni ndogo na kasi yatakiwa. Java, na tangu 2017 Kotlin pia, hutumika sana kutunga programu za simu za Android.

V. MASWALI MANNE KABLA YA KUCHAGUA

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Wale wavulana walikuwa wakichagua jembe, na shamba halijafyekwa. Lakini mkulima wa kweli naye hachukui jembe kwenda kukata mkungu wa ndizi. Kwa hiyo, kabla ya kusema “hii ni bora”, na aulize maswali haya manne.

Kwanza, bora kwa kazi gani? Pili, ni nani atakayeilipia, leo na mwaka ujao? Tatu, ikiharibika, ni nani wa karibu awezaye kuitengeneza? Nne, tukitaka kuiacha, tutaweza kuondoka na mali yetu?

Swali la nne husahauliwa sana. Naijua shule moja iliyoweka alama za wanafunzi kwa miaka mitatu katika programu iliyotungwa na mtu mmoja. Mtu huyo akaondoka, mashine ikafa, na alama hazikuweza kusomwa na programu nyingine yoyote. Walimu walikaa usiku wakitafuta karatasi za zamani makabatini, na mvulana mmoja aliyehitaji barua ya kuombea nafasi ya masomo alicheleweshwa mpaka siku ya mwisho ikapita. Hakuna aliyeuliza kama programu ile ilikuwa na kasi. Walichotaka ni alama zao tu. Ndiyo maana yafaa kuweka kazi zetu katika namna iliyo wazi, kama ile ya OpenDocument, iliyokubaliwa kuwa kipimo cha dunia nzima mwaka 2006, na kuweka nakala mahali pengine.

Jioni ile niliwauliza wavulana maswali hayo manne. Kelele zilikwisha, wakachukua karatasi. Yule wa Windows alikiri kwamba mashine zetu sita zimekataa Windows 11; yule wa Linux alikiri kwamba hajui kama mashine yetu ya kuchapia itaitii. Wakakubaliana kujaribu Linux katika mashine moja kwa majuma mawili na kuandika kila kitu kilichofaulu na kilichoshindikana. Yule wa Python ndiye aliyepewa kazi ya kuandika. Na ninyi mliomaliza masomo hapa zamani, mkiwa maofisini na katika biashara zenu, tuleteeni majibu ya swali la pili na la tatu, maana ninyi mnayajua kuliko sisi.

MASWALI YA KUJIZOEZA

1. Chumba kina laptopu 15, kila moja yala wati 40. Zikiwashwa saa 4 kwa siku, zitakula uniti ngapi katika siku 5?
2. Badili programu ya Python hapo juu ijumlishe namba tangu 1 mpaka 50. Jibu liwe 1275.
3. Taja kazi moja ambayo ungechagua Windows, na moja ambayo ungechagua Linux. Toa sababu bila kutumia neno “bora”.