Damu mdomoni mwa nguchiro: Tuchunguze kabla ya kuhukumu

Leo naomba tuzingatie kisa kimoja cha kale ambacho huwasimulia wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili tunapofika kwenye mada ya tabia njema. Kimo katika kitabu cha Kalila wa Dimna. Asili yake ni India, katika mkusanyiko wa hadithi uitwao Panchatantra. Katika karne ya 6, zama za mfalme Anushirwan, kilifasiriwa kwa lugha ya Wafursi, na katika karne ya 8 Abdullah ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu.

Mtu mmoja mcha Mungu alipata mtoto wa kiume baada ya kungoja muda mrefu. Siku moja mkewe alikwenda kuoga, akamwachia mtoto. Punde akaja mjumbe wa mfalme kumwita, na wito wa mfalme haukuwa na udhuru. Nyumbani hapakuwa na mwingine ila nguchiro waliyemlea tangu mdogo, wakimpenda kama mwana wao. (Wahindi humtaja nguchiro, kitabu cha Kiarabu humtaja ibn irs, mnyama mwingine mdogo mwindaji.) Akamwachia mtoto, akafunga mlango, akaondoka.

Nyoka mweusi akatoka shimoni, akamwelekea mtoto. Nguchiro akamrukia, akamuua na kumkatakata. Baba aliporudi na kufungua mlango, nguchiro akamkimbilia kwa furaha, mdomo umejaa damu. Baba hakuwa na shaka tena kuwa mwanawe ameuawa. Akampiga fimbo ya kichwa, akafa pale pale. Kuingia ndani, mtoto yu mzima, na kando yake vipande vya nyoka.

Nilipomaliza, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: “Ustadh, kwani kosa la huyu baba ni nini? Damu si aliiona kwa macho yake?”

Swali hilo ni zito. Damu ilikuwa ya kweli. Kisichokuwa kweli ni maana aliyoipa ile damu. Baina yake na ukweli palikuwa na hatua chache tu za kuingia chumbani. Na lau nguchiro angekuwa mkosa kweli, kutazama kwanza kusingemponza kitu, kwani mtoto aliyekwisha kufa hafufuliwi na fimbo ya haraka.

Allah (s.w) katika Surat Al-Hujurat (49:6) anatuamrisha kuipeleleza habari inayoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Mtu atasema: hapa hakuna fasiki aliyeleta habari. Basi tumtazame Usama bin Zayd (r.a). Vitani alimuua mtu aliyekwishatamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (s.a.w) alimuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule akajua kilichomo. Aliyarudia maneno hayo mpaka Usama akatamani lau angekuwa amesilimu siku ile tu. Usama hakudanganywa na mtu. Aliidhania nia ya mwenzake, akaihukumu.

Nami sitawahubiria wengine nikajisahau. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha madrasa, fedha za michango zilipotea. Kijana mmoja akakutwa na noti ndani ya juzuu yake. Nikamchapa mbele ya wenzake, na nikamwita mwizi. Jioni mama yake akaja kuuliza kama ada aliyomtuma mwanawe imefika. Nilimwomba radhi mama, nikamwomba radhi kijana mbele ya darasa lile lile. Alinisamehe kwa mdomo. Lakini hakunyoosha tena mkono darasani kwangu, na baada ya mwezi akahamia kwingine. Fimbo huchukua nukta moja, kuirudisha haiwezekani.

Ndugu zangu, katika jamii yetu wapo waliofanyiwa makubwa zaidi. Huko Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na wengi wao macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka nenda rudi. Mjini, mtu huitiwa mwizi, akapigwa mawe na kuchomwa moto kabla ya yeyote kuuliza kilichoibwa ni nini. Wekundu wa macho upo, na mtu amekimbia kweli. Lakini nani ameingia chumbani kutazama?

Tuwafunze watoto wetu kisa hiki, na tuanze sisi wazazi na walimu. Ukiona damu, ingia ndani kwanza. Majuto ni mjukuu.

Wabillahi tawfiq.