Dondoo Muhimu: Usukani Usiochosha Mikono

Sikiliza vidole vyako kwanza. Kidole cha mwisho na cha pete vikifa ganzi baada ya saa chache za kuendesha baiskeli, neva ya alna inabanwa kwenye kiganja, na glavu nene peke yake haitoshi. Utazame usukani.

Jambo kubwa ni mpindo wa kurudi nyuma. Sukani nyingi za baiskeli za milimani hupinda nyuzi 5 hadi 9 tu, hivyo kifundo cha mkono hulazimika kukunjika upande. Kwa safari ya kutwa nzima, jaribu nyuzi 12 au zaidi. Baadhi ya wanaoendesha njia ya Tour Divide, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Banff, Kanada, hadi mpaka wa Marekani na Meksiko, hutumia usukani wa Jones H-Bar wenye mpindo wa nyuzi 45 na nafasi kadhaa za kushika. Kubadili mshiko hupumzisha kiganja zaidi kuliko sponji yoyote. Ila mpindo mkubwa huleta mikono karibu na mwili. Huenda ukahitaji shingo ya usukani iliyo ndefu zaidi.

Upana wa milimita 800 hufaa kuteremka kwenye mawe, lakini safarini mabega huchoka. Usikimbilie msumeno: sogeza vishikio na breki ndani, endesha kwa wiki nzima, ndipo ukate pande zote sawa.

Usukani wa kaboni hupunguza mtetemo kiasi. Ukiona ufa, usiutengeneze, nunua mwingine.