Wanafunzi wa shahada ya kwanza na utabiri wa maji ya Ziwa Victoria

Mei 2020 kipimo cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya kilele cha 1964. Mialo, nyumba na mashamba yalizama katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa. Utabiri wa maji haya si kazi ya maprofesa peke yao. Mhadhiri wa chuo kikuu cha Butiama, Tanzania, kwa mfano, anaweza kuianza na vijana wa mwaka wa pili.

Kwanza wapewe hesabu ya ziwa lenyewe. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Kagera, Mara na mito mingine huleta yaliyobaki. Maji mengi hupotea kwa mvuke, mengine hutokea Jinja kuingia Nile. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, hivyo sentimita moja tu ni mita za ujazo milioni 688.

Kisha waende ufukweni, tuseme Musoma, wasimike kipimo. Kijiti chenye alama kikisimikwa matopeni kitadidimia, na takwimu zote zitaharibika. Kipimo kifungamanishwe na alama ya kudumu iliyochongwa mwambani, na Musoma haina uhaba wa mawe. Kisomwe asubuhi na jioni, saa zilezile, kwa sababu upepo husukuma maji upande mmoja na kumdanganya anayesoma mara moja kwa siku. Kata ya Buswahili, kando ya ardhioevu ya Mto Mara, inafaa kipimo cha pili: ziwa likijaa, mto hukawia kutoka.

Kosa kubwa ni kumwachia kazi mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, akaondoka nayo. Mvuvi wa hapo mwaloni alipwe posho aendelee kusoma, na kila kundi likabidhi daftari kwa linalofuata. Ofisi ya kijiji na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria zijulishwe mapema.

Satelaiti zimepima ziwa hili tangu 1992, na takwimu zake ni za bure. Programu yoyote ya utabiri itakayoundwa kwa takwimu hizo na za vipimo ishindanishwe kwanza na kanuni nyepesi: wiki ijayo maji yatakuwa kama leo. Ikishindwa hapo, haifai. Matokeo yabandikwe ofisi ya kata kila mwezi, kwa sentimita, na andiko lolote la kitaaluma litakalotokana na kazi hii liwe na jina la mwanafunzi.