Kabla Hujalipia Kipimo cha Vinasaba cha Mbwa Wako

Katika Pemba na visiwa vyake vidogo kama Kisiwa Panza, mbwa hufugwa zaidi kwa ulinzi na usasi kuliko kwa anasa. Anyong'onyeapo, akaacha kula na kutokwa damu puani, mwenyewe huambiwa ni "homa ya kupe" na kuuziwa dawa papo hapo.

Jina hilo moja hufunika maradhi kadhaa. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza bakteria aitwaye Ehrlichia canis, aliyeelezwa kwanza nchini Algeria mwaka 1935, na huhusishwa na Anaplasma platys, aliyetambuliwa Marekani mwaka 1978. Wa kwanza hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu, wa pili katika chembe zinazogandisha damu. Kupe huyohuyo hubeba Babesia, ambaye si bakteria kabisa. Hapo ndipo fedha za mfugaji hupotea: doksisaiklini hutibu bakteria hao wawili, lakini haimwondoi Babesia.

Kipimo cha haraka cha kibao aghalabu hutafuta kingamwili, nazo huweza kubaki miezi mingi baada ya mbwa kupona. Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya kiini cha maradhi chenyewe: kipande cha DNA hunakiliwa mara mamilioni hadi kitambulike.

Basi uliza kwanza iwapo majibu yatataja aina kamili ya bakteria. Vipimo vingine huishia kusema "Ehrlichia au Anaplasma" kwa pamoja, na kwa maoni yetu hicho hakistahili bei ya kipimo cha kutofautisha. Uliza pia kama Babesia amejumuishwa, na nani atagharamia kurudia iwapo sampuli itaharibika. Swali hili si dogo kwa mkaazi wa Kisiwa Panza, ambaye damu ya mbwa wake huvuka maji kwa chombo kabla ya kuanza safari ya maabara. Iwekwe katika kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, ikae kwenye ubaridi bila kugandishwa, na itolewe kabla ya dozi ya kwanza.

Jibu la "hakuna" si hakikisho. Maradhi yakiwa sugu, bakteria huwa wachache mno katika damu ilhali wamejificha kwenye wengu au uboho. Anayekuahidi uhakika wa asilimia 100 anakupotosha.

Mbwa aliyezidiwa asicheleweshwe akisubiri majibu. Daktari wa mifugo aweza kuanza tiba mara damu itolewapo. Kwa Ehrlichia canis tiba hiyo kwa kawaida ni ya siku 28. Dai risiti, pamoja na nakala ya majibu yenye jina la maabara na tarehe ya kupimwa.